Bei ya Pezi: Ushauri kwa Warushaji wa Roketi za Maji Gitega na Muyinga

Roketi ya maji ni chombo cha angani ambacho mwanafunzi wa mwaka wa nane au wa tisa, awe Gitega au Muyinga, anaweza kukitengeneza bila kumwomba mtu fedha nyingi. Chupa ya soda ya plastiki ndiyo tangi na ndiyo mwili. Maji ndiyo yanayotupwa nyuma. Nguvu inatoka kwenye hewa iliyoshindiliwa kwa pampu ya baiskeli, na pampu ya baiskeli katika nchi yetu ya Burundi haitafutwi mbali. Kinachobaki ni pua ya mbele na mapezi ya nyuma, na hapo kwenye mapezi ndipo roketi nyingi za shule zinapoharibikiwa.

Zinaharibikiwa kwa njia mbili zinazopingana. Wako wanaobandika mapezi makubwa ya katoni nene, manne au hata sita, ili roketi "ionekane roketi". Inaruka kwa unyoofu lakini inachoka mapema. Wako na wengine waliosikia kwamba mapezi yanaleta ukinzani wa hewa, basi wanayapunguza hadi yanabaki kama vipande vya kucha, au wanayaondoa kabisa. Roketi ya hawa inapanda mita chache, inalala ubavu, inapinduka na kuanguka karibu na ilipotoka. Ushauri wangu wote umo katika sentensi hii: pezi linalipiwa kwa ukinzani na faida yake ni unyoofu, kwa hiyo lipa kwanza bei kamili ya unyoofu, kisha utafute nafuu kwenye unene wa pezi, kwenye kingo zake na kwenye upangaji wake, usiitafute kwenye ukubwa.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wanafunzi wakiona namba wenyewe hawasahau. Chukua chupa ya lita moja na nusu yenye upana wa sentimita 9. Ukiitazama kutoka mbele, duara lake lina eneo la kama sentimita 64 za mraba. Ikiruka kwa mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa, hewa ya Gitega inairudisha nyuma kwa nguvu inayokaribia newtoni 1. Huo ni uzito wa gramu 100. Na roketi yenyewe, maji yakishatoka yote, ina gramu 100 na kitu. Kwa hiyo mara tu maji yanapokwisha, ardhi inaivuta na hewa inaizuia kwa nguvu zinazokaribiana. Ongeza kasi mara mbili, ukinzani unapanda mara nne. Ndiyo maana roketi iliyopigwa pampu zaidi haipandi juu kwa kiasi kilekile cha pampu: hewa inadai chake, na inadai zaidi kwa yule anayekimbia zaidi.

Nimetaja hewa ya Gitega kwa makusudi. Mji uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Muyinga uko juu zaidi, kupita mita 1,700. Hewa ya huku ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya Gitega ina uzito wa karibu kilo 1, wakati kule Mombasa au Dar es Salaam, kwenye joto la kawaida la pwani, inafika kilo 1.17 hivi. Roketi ileile, kwa kasi ileile, inapata huku ukinzani pungufu kwa karibu sehemu moja ya saba. Ni zawadi ya milima. Lakini pezi nalo linafanya kazi kwa kushika hewa, na hewa ikiwa nyepesi mshiko wake unapungua kwa kiasi hichohicho. Vipimo vya mapezi vilivyotolewa kwenye video ya mtu wa pwani, au hata vya rafiki yako wa Bujumbura kule chini ziwani, huku vitanyoosha roketi taratibu zaidi. Usifanye kosa la kuvipunguza eti kwa sababu hewa yetu ni nyepesi.

Sasa pezi linafanya nini hasa? Wawindaji waliobandika manyoya nyuma ya mshale walilijua jibu kabla ya vitabu vya fizikia. Kitu kinachoruka kikiyumba, kinazunguka kwenye kitovu cha uzito wake. Hewa nayo inakisukuma ubavuni, na misukumo yote ya ubavuni ukiijumlisha, inaangukia mahali pamoja ambapo tutapaita kitovu cha msukumo. Kitovu cha msukumo kikiwa nyuma ya kitovu cha uzito, kila mara roketi inapoyumba hewa inausukuma mkia na kuurudisha kwenye mstari. Kikiwa mbele, hewa inaisukuma pua, na myumbo mdogo unazaa mkubwa. Kazi ya mapezi ni moja tu, kukivuta kitovu cha msukumo kirudi nyuma.

Kipimo kinachotumiwa na warushaji duniani kote ni kwamba kitovu cha msukumo kiwe nyuma ya kitovu cha uzito kwa umbali wa upana wa mwili mmoja hadi miwili. Kwa chupa yetu ni sentimita 9 hadi 18. Chini ya hapo unacheza na bahati. Ukizidisha sana, roketi inakuwa kali mno kwa upepo: upepo wa ubavuni ukiugusa mkia wenye mapezi makubwa, pua inageukia upepo unakotoka na roketi inaelekea huko badala ya kupanda. Katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo wa mchana kwenye vilima vyetu unatosha kabisa kuleta shida hiyo. Rusheni asubuhi.

Kitovu cha uzito kinapatikana kirahisi: ilaze roketi iliyokamilika, bila maji, juu ya ukingo wa rula, na pale inapokaa bila kuinama upande wowote ndipo penyewe. Kwa kitovu cha msukumo ziko njia mbili. Ya kwanza haihitaji umeme. Chora umbo la roketi kutoka ubavuni, kwa ukubwa wake halisi, juu ya katoni bapa, pua na mapezi yote yakiwemo. Likate, kisha lisimamishe kwenye ukingo wa rula kama ulivyofanya kwa roketi. Pale linapolingana ndipo makadirio ya kitovu cha msukumo. Njia hii ina tahadhari ndani yake, kwani hukiweka kitovu hicho mbele kidogo kuliko kilipo kweli, kwa hiyo roketi iliyofaulu hapo ina nafasi ya kutosha hewani. Ya pili ni hesabu alizozitoa James Barrowman, mhandisi wa roketi wa NASA, mwaka 1966. Leo zimo ndani ya programu ya bure iitwayo OpenRocket, inayofanya kazi kwenye kompyuta bila intaneti ikishapakuliwa mara moja. Shule yenye kompyuta hata moja ingefanya vizuri kuwa nayo. Hata hivyo ningependa wanafunzi waanze na katoni na rula, maana kwenye katoni mtu anakata kwa mkono wake mwenyewe na kuona nukta ikihama kila anapoongeza au kupunguza pezi.

Kisha fanya jaribio la kamba. Funga kamba ya mita mbili hivi kwenye kitovu cha uzito, ibane kwa soltepu isiteleze, halafu izungushe roketi juu ya kichwa chako uwanjani, watu wakiwa mbali. Pua ikiongoza bila kusita, mapezi yanatosha. Ikienda ubavu au kinyumenyume, ongeza uzito kwenye pua kabla hujaongeza pezi. Donge la udongo wa mfinyanzi la gramu 20 au 30 ndani ya pua linakisogeza mbele kitovu cha uzito, na halina uso wa kuikinza hewa. Huo ndio unyoofu wa bei nafuu kuliko wote.

Hapa nataka kukaa kidogo na wale wanaoogopa mapezi, kwa sababu nia yao ni njema na kosa lao linaeleweka. Wanasema: pezi lina ukinzani, punguza pezi, punguza ukinzani. Ni kweli kwa roketi inayoruka nyoofu kabisa. Lakini chukua roketi ya urefu wa sentimita 45 inayoruka ikiwa imeinama nyuzi 10 tu kutoka kwenye mstari wa safari yake. Ubavu wake ni sentimita 45 mara 9, yaani sentimita 405 za mraba, na kwa mwinamo huo kama sentimita 70 kati ya hizo zinaikabili hewa ana kwa ana. Eneo la mbele la chupa lilikuwa 64. Myumbo mdogo, ambao jicho la mtu aliyesimama chini halitaushika, umeongeza uso mkubwa kuliko ule wa mbele. Hakuna pezi dogo linaloweza kukuokolea kiasi hicho. Roketi inayotikisa mkia inapoteza nguvu nyingi kuliko ile yenye pezi kubwa kidogo iliyotulia.

Basi nafuu itafutwe wapi? Kwenye unene na kwenye kingo, na hapa nawaomba walimu wasipite haraka.

Katoni ya kawaida ya dukani, ile yenye mawimbi ndani, ina unene wa kama milimita 4. Kata mapezi manne yanayotokeza sentimita 8 kutoka kwenye mwili, yatazame kutoka mbele, uhesabu uso wa kingo peke yake: sentimita 0.4 mara 8 mara 4. Unapata sentimita 12.8 za mraba, moja ya tano ya uso wa chupa nzima. Na si uso wa kawaida. Pua ya chupa ni ya duara, hewa inaipitia kwa ulaini. Ukingo wa katoni umekatwa wima, na mashimo ya mawimbi yako wazi. Uso uliokatwa wima unaburuta karibu mara mbili ya uso wa duara wenye eneo sawa. Kwa hiyo kingo hizo peke yake zinaweza kuongeza ukinzani wa roketi kwa karibu asilimia 40, na pezi halijapata faida yoyote kutokana na unene huo. Sasa kata mapezi matatu ya ukubwa uleule kutoka kwenye ubavu wa dumu la mafuta ya kula, plastiki ngumu isiyozidi milimita 2, ukaviringishe ukingo wa mbele kwa msasa. Uso wa kingo unashuka hadi sentimita 4.8 za mraba, na kwa kuwa umeviringishwa, uburutaji wake ni mdogo tena. Msuguano wa hewa kwenye mabapa ya pezi unabaki, lakini kwa roketi ya ukubwa huu ni kitu kidogo ukilinganisha na kingo mbaya.

Msasa utumike hivi. Lilaze pezi ukingoni mwa meza, ukingo wa mbele ukitokeza kidogo nje. Piga msasa mwembamba kutoka juu kwenda chini ukizungusha kiganja, kisha ligeuze ufanye upande wa pili, mpaka ukipitisha kidole gumba hukuti kona. Ukingo wa nyuma ni kazi nyingine: huo haufanywi duara, unapunguzwa taratibu kutoka sentimita moja na nusu kabla ya mwisho hadi unakuwa mwembamba, ili hewa ya pande mbili ikutane bila kuacha msukosuko nyuma yake. Ukingo wa mbele mnene kiasi na wa duara, wa nyuma mwembamba. Wanafunzi wengi wanafanya kinyume, wananoa mbele kama kisu na kuacha nyuma butu, kwa kuwa jicho linatuambia kitu kikali kinapenya. Kwa kasi zilizo chini sana ya kasi ya sauti, kama zetu, hewa haitaki kisu. Inataka duara mbele na mkia mwembamba nyuma, vile alivyo samaki.

Pezi lisibandikwe moja kwa moja kwenye chupa itakayopigwa pampu. Gundi ya moto inailegeza plastiki ya chupa, na gundi ya haraka inaweza kuifanya ivunjike kwa urahisi. Chupa yenye hewa iliyoshindiliwa haitakiwi kuwa na doa lolote. Chukua chupa ya pili ya aina ileile, kata kipande cha katikati upate mkanda wa plastiki, ubandike mapezi kwenye mkanda huo kwa gundi na soltepu, kisha uuvishe mkanda kwenye shingo ya chupa ya kwanza. Unapata faida mbili. Chupa ikichakaa unahamisha mapezi. Na unaweza kutengeneza mikanda mitatu yenye mapezi tofauti na kuijaribu yote kwenye chupa moja, jambo litakalotusaidia mbele. Pale pezi linapokutana na mkanda, paka gundi na uilainishe kwa kidole iwe na mteremko laini kila upande; kona kali ya shina hukamata hewa na kuizungusha bila faida.

Mapezi matatu au manne? Mimi ni mtu wa matatu. La nne linaongeza kingo, linaongeza shina, linaongeza uzito nyuma, mahali ambapo hatutaki uzito. Ila matatu yanataka kupangwa kwa uangalifu, na hapo ndipo wenye haraka wanaponikatalia. Zungusha ukanda wa karatasi kwenye chupa, weka alama unapokutana. Kwa chupa ya upana wa sentimita 9 utapata kama 28.3. Ugawe mara tatu, sentimita 9.4 kila sehemu, urudishe ukanda kwenye chupa na uhamishe alama. Ili kuchora mstari ulionyooka kutoka shingoni kwenda juu, ilaze chupa ndani ya kona ya fremu ya mlango au kwenye chuma cha pembe, upitishe kalamu kando ya chuma. Pezi lililopinda nyuzi mbili au tatu linaifanya roketi izunguke kama pia, na nguvu ya kuzungusha inatoka kwenye ile iliyokusudiwa kupandisha.

Kuhusu umbo, nitasema kidogo kwa sababu tofauti yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Vitabu vinalisifu pezi lenye ncha ya duara la yai. Pezi lenye pande nne, shina refu na ncha fupi iliyokatwa, linakaribia ubora huo na linakatika kwa mkasi. Usiliache liteleze nyuma kupita mdomo wa chupa, litaumia kila roketi ikianguka, na ardhi ya uwanja wakati wa kiangazi ni ngumu. Pezi refu la kutokeza linashika hewa safi iliyo mbali na mwili, kwa hiyo ni bora kuliko pezi fupi pana lenye eneo sawa, mradi plastiki isipepesuke. Likipepesuka, lipunguze urefu.

Kuna mwanafunzi atakayeuliza mbona roketi kubwa za kwenye televisheni hazina mapezi. Mpe habari za Malindi. Kwenye pwani hiyo ya Kenya, Waitalia wakiongozwa na profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya San Marco baharini, na kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi za Kimarekani za aina ya Scout zilipeleka setilaiti angani kutoka hapo. Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota. Scout ilikuwa ndefu na nyembamba, na chini kabisa ilikuwa na mapezi manne madogo kwa mwili ule. Iliweza kuwa na madogo kwa sababu ncha za mapezi hayo zilikuwa zinageuzwa kuongoza safari, na kwenye mkondo wa moto kulikuwa na vibao vya kuelekeza. Roketi nyingi zilizofuata ziliachana na mapezi kwa kuwa injini yenyewe inageuzwa kwa maelfu ya marekebisho. Chupa yetu haina ncha ya kugeuza, haina kompyuta, haina injini ya kuinamisha. Ina pezi tu. Anayeiga mkia wa roketi kubwa bila kuwa na usukani wake ameiga nusu ya kazi.

Mwingine ataleta ndege zisizo na rubani, na ana haki, maana jirani zetu wanazitumia kila siku. Rwanda inasafirisha damu kwa ndege za Zipline kutoka Muhanga tangu Oktoba 2016, na baadaye kituo cha pili kikafunguliwa Kayonza, upande wa mashariki. Mwaka 2018 Tanzania ilishuhudia chombo cha Wingcopter kikibeba dawa kilomita 60 kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe kwa dakika 40 hivi. Vyombo vinavyokwenda mbali namna hiyo vina mabawa na mkia, na ukinzani wa mkia unalipwa kwa betri. Kanuni ni ileile ya chupa, ila kwa ndege pezi la wima lina mpaka wa juu na wa chini: likiwa dogo, pua inayumba kushoto na kulia huku mabawa yakipishana kuinama, likiwa kubwa kupita kiasi, ndege ikishainama upande mmoja inaendelea kuinama na kuzunguka ikishuka. Klabu itakayojaribu ndege ya kurusha kwa mkono, iliyokatwa kwenye povu jeupe la maboksi ya televisheni, ianze na pezi la wima lenye eneo la kama moja ya kumi ya eneo la bawa, kisha ipunguze taratibu kwa mkasi.

Na lipo pezi linalopunguza ukinzani badala ya kuuongeza. Ni lile linalosimama kwenye ncha za mabawa ya ndege kama Boeing 737-800. Hewa ya chini ya bawa ina msukumo mkubwa kuliko ya juu, basi pale nchani inakimbia kupanda na kuacha kimbunga kidogo kinachoiburuta ndege. Richard Whitcomb wa NASA alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba pezi la nchani likiwekwa kwa pembe sahihi linapunguza kimbunga hicho, na mashirika ya ndege yanaokoa mafuta kwa asilimia 3 hadi 4 katika safari ndefu. Msilibandike kwenye roketi. Linafaa mahali penye bawa linalobeba uzito, na roketi yetu haibebwi na bawa.

Kabla ya kurusha, usalama, na hapa sina utani. Tumieni chupa za soda zenye gesi, ambazo zimetengenezwa kustahimili shinikizo; chupa nyembamba za maji ya kunywa zinapasuka, na za glasi zisiguswe kabisa. Baa 3 zinatosha kwa shule. Chupa mpya ipimwe kwanza ikiwa imejaa maji hadi juu, ipigwe pampu hadi baa 4 au 5. Ikipasuka ikiwa imejaa maji haina nguvu ya kumuumiza mtu kama ingekuwa na hewa. Anayeiachilia roketi avute kamba akiwa umbali wa mita 10, na anayepiga pampu avae miwani. Pua iwe ya kitu laini, sifongo au mpira uliokatwa, na wala lile donge la udongo lisitokeze nje. Mjulisheni mkuu wa kilima na polisi siku moja kabla, kwa maandishi yenye saini ya mkurugenzi wa shule. Nchi yetu imepita kwenye vita. Mlio wa ghafla na kitu kinachopaa juu ya paa vinaweza kumtia hofu mzee ambaye hakujua ni somo la fizikia. Na msirushe karibu na kiwanja cha ndege.

Reli ya kurushia iwe na urefu wa mita moja walau. Mwanzoni roketi iko polepole, na maji yaliyomo chini yanakirudisha nyuma kitovu cha uzito. Ndipo inapokuwa dhaifu kuliko wakati wote, na hewa yetu nyepesi bado haijalishika pezi. Fimbo iliyonyooka inaishikilia mpaka ipate kasi. Maji yawe theluthi ya chupa.

Sasa majaribio. Mwanafunzi mmoja asimame mita 40 kutoka kwenye reli akiwa na kipimapembe chenye uzi na jiwe dogo, alenge roketi inapofika kileleni na kusoma pembe. Nyuzi 45 ni mita 40, nyuzi 37 ni mita 30, na kote huongezwa urefu wa jicho lake. Wasimame wawili pande mbili tofauti ili upepo usiwadanganye. Ivishe chupa mkanda wa kwanza, rusha. Ivishe wa pili, rusha. Rudi kwa wa kwanza. Kupishanisha hivyo kunazuia upepo wa saa nne usihesabiwe kuwa udhaifu wa pezi. Shinikizo liwe lilelile, maji yaleyale, na uzito usawazishwe kwa udongo puani, la sivyo utakuwa unapima uzito badala ya ukinzani. Badilisha kitu kimoja tu: kingo zilizopigwa msasa dhidi ya zisizopigwa, kwa mapezi ya umbo moja. Hilo ndilo jaribio ningelianzia, kwa sababu tofauti yake ni kubwa ya kutosha kuonekana kwa kipimapembe cha shule.

Ningefurahi kuona shule moja ya Gitega na moja ya Muyinga zikipelekeana mikanda. Wa Gitega uende Muyinga kwa basi, urushwe kule kwa chupa za kule, na wa Muyinga uje huku, kila safari ikiandikwa kwenye daftari: tarehe, saa, baa, gramu, pembe mbili, na maneno machache kuhusu upepo. Walimu wasiwaahidi wanafunzi kwamba wataiona hewa nyepesi ya Muyinga kwenye namba hizo. Tofauti ya hewa kati ya miji hii miwili ni asilimia 2 au 3, na kipimapembe hakifiki huko. Kitakachoonekana ni nani alipanga mapezi yake kwa kuchora mstari kwenye fremu ya mlango, na nani aliyakadiria kwa macho.